Kuamua kazi ukiwa bado chuoni: jinsi ya kujenga kujiamini hatua kwa hatua

Mwanafunzi anayekaribia kuhitimu huambiwa "jiamini" na karibu kila anayemuuliza atafanya kazi gani. Anayelisema ana nia njema, lakini halimsaidii, maana halimwambii ajiamini katika kufanya nini. Kuna anayeweza kusimama mbele ya ukumbi uliojaa akatoa mada bila kutetemeka, na bado hajui aanzie wapi kutafuta habari za kazi anayoitamani. Kuna pia mkimya asiyefungua kinywa darasani ambaye ameshajua anachokitaka, ameandika mpango, na anautekeleza kidogo kidogo. Kwa jambo tunalolizungumzia hapa, huyo mkimya ndiye anayejiamini.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu kuwa anaweza kutenda jambo fulani huathiri kama ataliingia, atajitahidi kiasi gani, na atavumilia muda gani mambo yakiwa magumu. Imani hiyo imefungamana na jambo lenyewe: mtu anaweza kuwa nayo tele katika hesabu na asiwe nayo kabisa katika kuomba kazi. Mwaka 1983 Karen Taylor na Nancy Betz wakaipeleka hoja hiyo kwa wanafunzi wa vyuo. Walitunga dodoso la vipengele 50 linalopima imani ya mwanafunzi katika mambo matano: kujitathmini kwa usahihi, kukusanya habari za kazi, kuchagua lengo, kupanga, na kutatua matatizo njiani.

Mwongozo huu unafuata mgawanyo huo kwa sababu moja. Ukisema "sijiamini", hakuna anayejua akusaidieje, hata wewe mwenyewe. Ukisema "sijui namna ya kumfikia mtu anayefanya kazi hii", tatizo limepata umbo, na unaweza kuanza kulishughulikia wiki hii.

Hatua ya 1: Jipime kwa mambo mahususi

Chukua karatasi, unakili sentensi hizi kumi, kisha jipe alama 1 hadi 5 kwa kila moja. Alama 1 ina maana huamini kabisa kwamba unaweza; alama 5 ina maana huna shaka.

1. Naweza kutaja mambo matatu ninayoyafanya vizuri na kutoa ushahidi wa kila moja.
2. Naweza kusema ni kitu gani sitakubali kukikosa kazini, hata mshahara ukiwa mkubwa.
3. Naweza kumpata mtu anayefanya kazi ninayoifikiria na kuzungumza naye.
4. Naweza kujua kazi hiyo humlipa anayeanza kiasi gani, na inadai sifa zipi.
5. Naweza kupunguza kazi ninazozifikiria hadi zibaki tatu.
6. Naweza kuchagua moja na kubaki nayo hata rafiki zangu wakielekea kwingine.
7. Naweza kuandika wasifu unaolenga nafasi moja mahususi.
8. Naweza kupanga nitakachofanya katika miezi sita ijayo ili niikaribie kazi hiyo.
9. Naweza kujua la kufanya nikifeli somo ambalo kazi hiyo inalidai.
10. Naweza kubadili mwelekeo nikigundua kwamba nilichokichagua hakinifai.

Sentensi zimepangwa mbili mbili kufuata yale mambo matano. Usijumlishe alama, kwa sababu jumla itakuficha ukweli. Tazama jozi iliyo chini kuliko zote: hapo ndipo utakapotumia nguvu zako. Mwenye alama 2 katika sentensi ya 3 na 4 hana haja ya semina ya kujitambua. Anahitaji kukutana na watu. Andika tarehe juu ya karatasi na uitunze, kwa kuwa utaihitaji tena.

Hapa kuna jambo ambalo wasichana hasa wanapaswa kulijua. Mwaka 1981 Nancy Betz na Gail Hackett waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu kama wanajiona wanaweza kumudu kazi mbalimbali. Kwa kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume, wasichana walijipa imani ndogo, ilhali alama zao za mitihani ya hisabati na lugha hazikutofautiana na za wavulana. Kwa hiyo alama ndogo kwenye karatasi yako isomwe kama habari kuhusu imani yako. Uwezo wako ni jambo jingine, nao bado hujaupima.

Hatua ya 2: Tafuta kinachokukwamisha

Mwaka 1996 watafiti Itamar Gati, Mina Krausz na Samuel Osipow waliyapanga matatizo ya kuamua kazi katika makundi makuu matatu. Kundi la kwanza hujitokeza kabla mtu hajaanza: hana msukumo, au husitasita katika kila jambo, au ameshika imani zisizo sahihi. La pili ni upungufu wa habari, iwe kuhusu namna ya kuamua, kuhusu nafsi yake, kuhusu kazi zenyewe, au kuhusu mahali pa kupata habari zaidi. La tatu ni habari zinazogongana: vyanzo visivyoaminika, mvutano ndani ya moyo wake, au mvutano kati yake na watu wake.

Jiweke katika kundi lako kabla ya kufanya chochote, maana tiba ya kundi moja hailifai jingine. Mwanafunzi anayevutana na baba yake anaweza kusoma habari za kazi usiku kucha na asisogee hata kidogo, kwa sababu hakukosa habari tangu mwanzo.

Katika zile imani zisizo sahihi, mbili huwatesa wanafunzi kuliko nyingine. Ya kwanza ni kwamba mahali fulani ipo kazi moja tu iliyoumbwa kwa ajili yako, na ukiikosa umepotea. Ya pili ni kwamba uamuzi wa miaka ya chuo hauna marekebisho. Zote mbili huupa uamuzi mmoja uzito ambao hakuna kijana anayeweza kuubeba, kisha tunashangaa kwa nini anaahirisha. Zijaribu hivi: tafuta watu watano waliozidi miaka arobaini, uwaulize walisomea nini na sasa wanafanya nini. Majibu yao yatakusaidia kuliko hoja yoyote nitakayoiandika hapa.

Hatua ya 3: Jitengenezee ushahidi

Hii ndiyo hatua nzito, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu katika uwezo wake. Cha kwanza, chenye nguvu kuliko vyote, ni kulifanya jambo na kulifanikisha mwenyewe. Kisha kuna kumwona mtu anayefanana nawe akilifanikisha, maneno ya watu unaowaheshimu, na namna unavyousoma mwili wako unapokuwa na wasiwasi.

Tuanze na cha kwanza. Kwa kila kazi unayoifikiria, tafuta kipande chake kidogo unachoweza kukifanya sasa, kabla ya shahada na kabla ya ajira. Unafikiria uhariri? Mwombe mwenzako makala yake ya kurasa tano, ihariri, mrudishie, kisha kaeni muijadili. Unafikiria uchambuzi wa takwimu? Chukua takwimu zilizo wazi kwa umma, jiulize swali moja, na andika jibu la ukurasa mmoja ambalo asiyesoma takwimu ataelewa. Ualimu? Wafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza mada iliyowashinda, halafu wape maswali matatu uone kama wameelewa. Uhasibu? Kitunzie hesabu chama cha wanafunzi kwa muhula mzima.

Kipande hicho kiwe na ugumu wa kukutoa jasho kiasi. Ushindi wa bei rahisi haujengi kitu. Bandura mwenyewe alionya kwamba aliyezoea mafanikio mepesi hukata tamaa mapema anapokutana na kikwazo. Lakini kisiwe kikubwa kiasi cha kukushinda mara ya kwanza, hasa kama karatasi yako ya hatua ya 1 ina alama nyingi za chini. Anza na linalowezekana, kisha ongeza ugumu.

Kila ukimaliza, andika mistari minne katika daftari moja: nilifanya nini, palikuwa pagumu wapi, nilipavuka vipi, nani aliiona kazi hiyo. Mstari wa tatu usiuache kamwe. Wanafunzi wengi hufanya jambo zuri, wakasema ilikuwa bahati au mtihani ulikuwa rahisi, na ushahidi ukapotea. Ukiandika namna ulivyopavuka pagumu, unajilazimisha kuona sehemu yako katika mafanikio hayo. Daftari hilo baadaye litakufaa kwenye wasifu na kwenye usaili, kwa sababu msaili akikuuliza "tupe mfano wa tatizo ulilolitatua", utakuwa nao, tena na maelezo yake.

Kwa chanzo cha pili, mtazame aliyekutangulia mwaka mmoja au miwili, aliyesoma kozi yako, mwenye matokeo kama yako. Watu mashuhuri wanavutia, lakini wako mbali mno na hali yako. Mafanikio yao hayakuambii lolote kuhusu hatua yako inayofuata.

Maneno ya watu yana uzito wakigusa jambo mahususi. Usimuulize mhadhiri wako "unaonaje, nitaweza?" Atakujibu kwa upole tu. Muulize: "Katika ripoti yangu, ni sehemu gani ungeipokea kama ingekuwa ya kazini, na ni ipi ungenirudishia?" Jibu la swali hilo utaweza kulifanyia kazi.

Na mwili: moyo kwenda mbio kabla ya usaili ni hali inayowapata hata wazoefu. Usiisome kama ushahidi kwamba hufai. Fanya mazoezi ya kujibu kwa sauti mbele ya mtu, mara kadhaa, mpaka mapigo hayo yasiwe mageni kwako.

Vipo pia vipimo vya mapendeleo, vingi vikitokana na makundi sita ya John Holland: wanaopenda kazi za mikono na vifaa, wanaopenda kuchunguza, wanaopenda sanaa, wanaopenda kuhudumia watu, wanaopenda kushawishi na kuongoza, na wanaopenda kazi za utaratibu na kumbukumbu. Vifanye ukipenda, vitakupa maneno ya kujieleza. Ila vinapima unachokipenda, na kwa uzoefu wangu mwanafunzi mwenye matokeo ya vipimo vitatu na kipande kimoja tu cha kazi halisi bado yuko gizani.

Hatua ya 4: Zungumza na walio kazini

Tangazo la kazi hukuonyesha sifa zinazotakiwa. Siku ya kazi yenyewe inavyokwenda halikuonyeshi. Anayeijua ni aliyemo ndani. Huna haja ya kumfahamu kwa karibu. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 juu ya nguvu ya watu tunaowajua kwa mbali: rafiki zako wa karibu huzunguka palepale unapozunguka wewe na husikia unayoyasikia, ilhali mtu wa mbali hukuletea habari kutoka kwingine. Rafiki wa dada yako au mhitimu wa idara yako anatosha kuwa mwanzo.

Anza na salamu inayomstahili kwa umri na cheo chake, kisha andika kwa ufupi. Kwa mfano:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa maji. Nimefahamishwa kwamba una uzoefu wa kusimamia mitandao ya maji, kazi ambayo naifikiria. Ningeshukuru sana ukinipa dakika ishirini, kwa simu au ana kwa ana, nikuulize jinsi siku zako za kazi zinavyokwenda. Siombi ajira. Nitafuata muda utakaokufaa."

Ile "siombi ajira" iseme kweli, na usiivunje mkikutana. Ukikubaliwa, uliza maswali yanayodai matukio, uyaache yale yanayodai maoni. "Jumatatu iliyopita ulifanya nini tangu ulipofika hadi ulipoondoka?" litakupa mengi kuliko "unaipenda kazi yako?" Uliza ni nini huwashtua wanaoanza. Uliza waliowahi kuiacha kazi hiyo waliiacha kwa nini. Malizia kwa kumwomba akutajie mtu mwingine mmoja wa kuzungumza naye. Kesho yake tuma shukrani, na utaje jambo moja ulilojifunza.

Wengine hawatakujibu kabisa. Watu wana shughuli zao. Mwandikie mwingine.

Hatua ya 5: Punguza orodha kwa utaratibu

Gati na mwenzake Asher, katika kazi yao ya mwaka 2001, walipendekeza kuamua kwa awamu tatu: kuchuja, kuchunguza kwa kina, kisha kuchagua. Faida yake ni kwamba hulazimiki kuzijua kazi zote duniani. Unazichimba zile chache tu zilizobaki kwenye chujio.

Ili uchuje, andika mambo matano au sita yaliyo muhimu kwako: kipato, kusafiri, kufanya kazi na watu, miaka ya kusoma zaidi, uhakika wa ajira, nafasi ya kubuni. Kwa kila jambo andika viwango viwili, kile ambacho kingekupendeza na kile utakachoweza kukivumilia. Hapo ndipo wengi hukosea, wakaandika kinachowapendeza tu, na kazi nzuri zote zikadondoka. Tuseme ungependa kazi isiyokusafirisha kabisa, lakini unaweza kuvumilia safari ya siku mbili kwa mwezi. Pima kazi kwa kile kiwango cha pili. Zikibaki saba au pungufu, acha kuchuja.

Kazi uliyoipenda ikidondoka kwa sababu ya kigezo kimoja tu, usiizike haraka. Rudi ukiangalie kigezo hicho: umekiweka wewe, au umekirithi kwa mtu? Na je, habari uliyotumia kuipima kazi hiyo ni ya kweli, au ni uvumi?

Kisha chunguza kwa kina hizo chache, kwa njia za hatua ya 3 na ya 4, ubaki na mbili au tatu.

Jihadhari na kusaka kilicho bora kuliko vyote. Mwaka 2006 Sheena Iyengar, Rachael Wells na Barry Schwartz walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakihitimu na kutafuta kazi. Waliokuwa na tabia ya kutaka bora kuliko vyote walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20, lakini waliridhika kidogo na kazi hizo kuliko wenzao walioridhia inayotosha. Sisemi uache kutamani makubwa. Nasema weka kiwango chako mapema, na kazi ikikifikia, ukubali kwamba imekifikia.

Hatua ya 6: Ongea na wa nyumbani ukiwa na habari mkononi

Kama mvutano wako ni na wazazi, usiende kwao na "mimi napenda hiki." Upendo wao kwako ndio unaowafanya waogope, na hofu yao mara nyingi ni moja: utaishije? Iijibu hiyo kwanza. Mwambie mama, "Mama, najua unahofia kipato. Nimezungumza na watu watatu wanaofanya kazi hii, wameniambia anayeanza hupata kiasi hiki, na huchukua muda huu mpaka atulie. Naomba nikueleze mpango wangu, kisha uniambie wapi unaona pana tundu."

Kumwomba atafute tundu si kujisalimisha. Anaweza kuliona ambalo hukuliona. Msipokubaliana, ombeni muda badala ya kushindana: kubalianeni jambo moja utakalolifanya katika muhula ujao, na matokeo yatakayowaonyesha nyote kama njia hii inafaa. Mazungumzo haya huenda yakahitaji kurudiwa, na ni haki yao kuuliza tena.

Hatua ya 7: Amua, andika, weka tarehe ya kupitia upya

Chagua moja. Andika aya moja: nimechagua hiki, kwa sababu hizi, kwa habari nilizonazo leo. Kisha weka tarehe, labda mwisho wa muhula unaofuata, utakapokaa tena na aya hiyo. Kati ya leo na siku hiyo usiurudie uamuzi kila usiku. Kazi yako ni kutekeleza tu.

Katika kutekeleza, utafiti wa Peter Gollwitzer, alioufafanua mwaka 1999, unafaa sana. Mpango unaotaja lini na wapi huwa na nafasi kubwa ya kutimia kuliko nia tupu. Badala ya "nitaboresha wasifu wangu", andika "Jumamosi saa nne asubuhi, nikishamaliza kifungua kinywa, nitakaa maktaba na kuandika sehemu ya uzoefu." Fanya hivyo kwa kila kipande cha mpango wa miezi sita.

Acha pia mlango wazi kwa yasiyopangwa. Kathleen Mitchell, Al Levin na John Krumboltz waliandika mwaka 1999 kwamba matukio ya bahati yana sehemu kubwa katika maisha ya kazi, na wakataja tabia tano zinazomsaidia mtu kuyatumia: udadisi, ung'ang'anizi, unyumbufu, matumaini na kuthubutu. Ukiitwa kusaidia mradi ulio pembeni kidogo ya njia yako na una nafasi, nenda.

Hatua ya 8: Ukikataliwa, na ukikwama

Barua ya kukataliwa itakuja. Siku hiyo huzunika, huna haja ya kujikaza. Siku inayofuata fungua daftari la ushahidi na andika mambo mawili: kilichokuwa mikononi mwangu, na ambacho hakikuwa. Waombaji wengi kuliko nafasi si kosa lako. Wasifu uleule uliotuma kwa waajiri kumi bila kuubadili, huo uko mikononi mwako. Ukiwa umefika kwenye usaili, andika kwa adabu uombe kuambiwa jambo moja la kuboresha. Baadhi yao hujibu.

Mwisho wa muhula itoe ile karatasi ya hatua ya 1 na uijaze upya bila kutazama alama za zamani, kisha uzilinganishe. Jozi iliyopanda, iache. Iliyobaki chini licha ya juhudi, ipeleke pamoja na daftari lako kwa mshauri wa wanafunzi, na usiende kungoja aulize yeye. Uchambuzi wa Steven Brown na Nancy Ryan Krane wa mwaka 2000 ulibainisha mambo matano yanayoupa ushauri wa kazi nguvu zaidi: mazoezi ya kuandika, maelezo yanayomhusu mwanafunzi mwenyewe, habari za ulimwengu wa kazi, mifano ya watu waliofanikiwa kuamua, na msaada wa kujenga mtandao wa watu wanaokuunga mkono. Utakapokuwa mbele yake, onyesha alama yako ya chini, mweleze ulichojaribu, na umwombe lile kati ya hayo matano ambalo hujalipata.